Kapu la mboga la wiki lisiishie jalalani
Hesabu ya jikoni kwa kaya na wauza mboga wa Masukulu

MBOGA zikikubali Masukulu hukubali zote kwa pamoja. Wiki moja mchicha ni wa kuhesabu majani, wiki inayofuata kila nyumba ina mchicha, majani ya maboga, chainizi, kabichi na bilinganya, na hakuna jirani wa kumpa kwa sababu jirani naye anatafuta wa kumpa. Wilaya ya Rungwe ina udongo wa volkano na ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zinazozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu kadhaa. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Kwa hiyo tatizo la mkulima hapa si kukosa mboga. Ni kuwa nazo nyingi kwa majuma machache, kisha kuzinunua sokoni miezi miwili baadaye.

Hasara hiyo haionekani kwa sababu hakuna anayeiandika. Mkulima akiuza tenga la nyanya kwa bei ya kutupa atalalamika kutwa nzima, lakini zile kilo tano zilizooza chini ya uvungu hazihesabu. Mbegu zilinunuliwa, mbolea ilinunuliwa, dawa ilipulizwa na mtu alipalilia. Gharama zote hizo zimo ndani ya nyanya iliyooza sawasawa na zilivyomo ndani ya ile iliyouzwa.

Kuna na hasara ya pili, iliyo kubwa kuliko ya fedha. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mboga peke yake haimalizi udumavu, lakini nyumba inayokula ndizi na ugali mwaka mzima huku majani yakinyauka shambani inajinyima kitu ambacho tayari inacho.

Kapu linapogeuka biashara

Suala hili linawahusu pia wafanyabiashara wadogo. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, ikiwamo Nairobi, wapo wakulima wanaowapelekea wateja kapu la mboga kila wiki kwa malipo ya mwezi au ya msimu. Mtindo huo si mpya duniani. Wajapani waliuanza miaka ya 1970 na kuuita teikei, na mwaka 1986 ukaanza Marekani katika mashamba mawili ya majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Mteja hulipa mapema, mkulima anapata mtaji kabla ya kuvuna, na kila wiki mteja anachukua sehemu yake ya kilichopatikana.

Hakuna kinachozuia kikundi cha Masukulu kufanya hivyo na walimu, wauguzi na wenye mighahawa wa mji wa Tukuyu, hasa sasa ambapo malipo hupita kwenye simu. Lakini huko mtindo huu ulikoanzia, moja ya sababu za wateja kujitoa ni hii hii: kapu linajaa mboga ile ile wiki tatu mfululizo, mteja hajui aifanye nini, inaoza, anaona fedha yake imepotea. Kwa hiyo anayeuza kapu anatakiwa kuuza pamoja na maarifa ya kulimaliza. Na maarifa hayo yanaanzia jikoni kwake mwenyewe.

Kinachooza kwanza kiliwe kwanza

Kosa la kawaida ni kupika kinachopendwa na kuacha kinachonyauka. Kapu likifika nyumbani lichambuliwe siku hiyo hiyo. Majani laini, yaani mchicha, mnafu, majani ya maboga na ya maharage, ni ya siku ya kwanza na ya pili. Nyanya zilizoiva, bamia, hoho na bilinganya zinasubiri siku tatu hadi tano. Karoti zilizokatwa majani yake, kabichi isiyo na jeraha na maboga makavu hukaa hata baada ya kapu la wiki inayofuata kufika. Karoti isihifadhiwe na majani yake, kwa kuwa majani hayo huendelea kunyonya maji ya mzizi na ndani ya siku mbili karoti inakuwa kama kamba.

Majani yakifungwa ndani ya jani bichi la mgomba na kuwekwa sakafuni penye kivuli hukaa vizuri kuliko kwenye mfuko wa plastiki, ambao huyatoa jasho. Yasioshwe kabla ya kuhifadhiwa. Yaoshwe yakitaka kupikwa, tena kabla ya kukatwa, kwa sababu ukikata kwanza virutubisho huondoka na maji ya kuoshea.

Jambo moja ambalo nyumba za Rungwe zinapaswa kulizingatia kuliko nyumba nyingine ni ndizi. Karibu kila jiko lina mkungu unaovundikwa. Ndizi zinapoiva hutoa hewa inayoivisha vitu vilivyo jirani nazo. Nyanya zilizowekwa karibu na mkungu huo huiva zote kwa siku mbili, mchicha hugeuka njano na karoti huwa chungu. Ni faida kama nyanya ni za kijani na mteja anazitaka kesho. Vinginevyo mkungu ukae chumba kingine.

Baadhi ya wataalamu hupendekeza chungu ndani ya chungu, chenye mchanga mbichi katikati, kwa ajili ya kupoza mboga. Ubunifu huo ulimpatia sifa kubwa mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, miaka ya 1990. Ni kifaa kizuri, lakini hufanya kazi pale hewa ilipo kavu, maana ubaridi hutokana na maji kukauka. Wakati wa masika, hewa ya Rungwe ikiwa imejaa unyevu, chungu hicho ni mapambo tu. Kijengwe kwa ajili ya Agosti hadi Oktoba.

Katika kupika, majani laini yanahitaji dakika tano, si nusu saa. Mafuta kidogo ni lazima, si anasa, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani na karoti haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Rungwe ina bahati hapo: parachichi lililopondwa juu ya mbalaga na mchicha linafanya kazi hiyo bila kununua chupa dukani. Mengi yanayokataliwa na wanunuzi wa Hass kwa sababu ya ukubwa au madoa hayana kasoro yoyote mezani.

Kukausha kuna msimu wake

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kukausha. Kwa Dodoma ni ushauri mzuri wakati wowote wa kiangazi. Kwa Masukulu ni lazima kuangalia kalenda. Majani yanayoanikwa Machi au Aprili yatakauka nusu, usiku yatapata unyevu, na siku ya tatu yatakuwa na ukungu. Mboga yenye ukungu haikaushwi upya wala haipikwi. Inatupwa.

Kuanzia Juni, mvua zinapopungua, kazi hiyo inawezekana. Majani huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi tatu, yakatolewa na kutiwa katika maji safi ya baridi, yakachujwa na kutandazwa bila kulaliana. Yasikauke kwenye jua la moja kwa moja, ambalo huua vitamini A. Sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi chini, likafunikwa nailoni angavu iliyokingwa kwa kitambaa cheusi chepesi, likiwa na matundu yenye wavu wa mbu chini upande mmoja na juu upande wa pili, linatosha. Hewa ya moto hupanda na kutoka na unyevu. Kwa kuwa Rungwe iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, miezi hiyo ya kukausha jua huwa upande wa kaskazini, hivyo mteremko wa sanduku uelekee huko.

Majani yamekauka yanapovunjika kwa vidole. Mchicha ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo kilo kumi zitabaki kilo moja na kidogo. Nyanya zina maji zaidi: kilo ishirini hutoa kilo moja na kidogo. Anayepanga kuuza mboga kavu afanye hesabu hiyo kabla ya kupanga bei, la sivyo atauza kilo ishirini kwa bei ya tatu.

Masika: chumvi na chupa

Wakati wa mvua njia iliyo salama kwa kabichi ni chumvi. Kabichi iliyokatwa nyembamba, gramu 25 za chumvi kwa kila kilo, yaani kijiko kikubwa kimoja na robo hivi, inakandwa mpaka itoe maji yake, inashindiliwa katika ndoo safi na kukandamizwa na kitu kizito ili ibaki chini ya maji hayo. Baada ya wiki mbili hadi tatu inakuwa chachu na hukaa muda mrefu. Ikitokeza juu ya maji itaoza, na hilo ndilo huwashinda wengi.

Nyanya huchemshwa kuwa rojo na kufungwa katika chupa za kioo zenye mifuniko inayobana. Hapa uangalifu ni mkubwa. Kila lita iongezwe vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau. Kisha chupa zilizojazwa zichemshwe zikiwa zimefunikwa na maji kabisa: dakika 45 kwa nusu lita na 50 kwa lita moja, kwa maeneo ya mwinuko wa kati ya mita 900 na 1,800. Vitabu vingi hutaja dakika chache zaidi, lakini hivyo ni vya pwani. Tukuyu iko kwenye mita zipatazo 1,600, na maji ya huko huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100.

Njia hiyo ni ya nyanya tu. Maharage mabichi, karoti, bamia na mboga za majani zisifungwe hivyo hata zikichemshwa kutwa, kwa sababu hazina uchachu na zinaweza kuotesha sumu inayoua bila kubadilisha ladha wala harufu. Hizo zikaushwe, zitiwe chumvi au ziliwe.

Anayetaka kuuza rojo au achari nje ya kijiji chake anahitaji kibali. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Njia nyepesi kwa mjasiriamali mdogo ni kuanzia SIDO Mbeya, wanakotoa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho.

Mabaki ni ya ng'ombe wa ndani, ambao Masukulu wanayapenda. Majani ya nje ya kabichi apewe baada ya kukamuliwa, si kabla, maana maziwa hubeba harufu yake hadi kwenye kituo cha kukusanyia. Yaliyoota ukungu yaende kwenye shimo la mboji.