Buku la fidia: jina la nani, makuta ya nani?

Wandugu, sisi wa Maniema tukizungumza utumwa tunataja Tippo Tip, Nyangwe na Kasongo, kisha watu wanafungwa kamba wanapelekwa pwani, na habari inaishia pale. Mimi nauliza mbele kidogo: uhuru ulipofika, makuta ililipwa kwa nani?

Unguja, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri. Mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe tribinali akaombe. Akikubaliwa, Leta inamlipa bwana wake fidia. Yeye anatoka na karatasi tu, tena lazima aonyeshe ana makao na kazi ya kumlisha. Bila hivyo anahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangoja ya 1909. Basi katika hesabu za fidia mtumwa yumo, ila yumo kama kitu kilicholipiwa. Mdai ni bwana.

Marekani nayo ilianza hivyo hivyo: Washington, 1862, mabwana walilipwa hadi dola 300 kwa kila mtu. Lakini Machi 1865 Leta ya kule ilifungua ofisi ya kusaidia watu waliotoka utumwani, chini ya Jenerali Oliver Howard, ikadumu mpaka 1872. Iligawa chakula, ikasimamia shule na hospitali. Mimi navutwa zaidi na kitengo chake cha madai. Askari weusi walikuwa wanadai mishahara na zawadi ya kujiandikisha jeshini, na mawakala walikuwa wanazila (ile tabia tunaijua!). Mwaka 1867 ikaamriwa malipo yao yapitie ofisi hii. Humo mdai ni askari mwenyewe ao mjane wake: jina, kikosi, mahali anapokaa. Na kwa sababu ndoa za watumwa sheria haikuzitambua, mjane alileta mashahidi waseme walimjua na mume wake. Leo wajukuu wanatafuta mababu zao mule mule.

Jambo hili haliko mbali nasi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na jirani zetu wa Kisangani, waliopigwa mabomu Juni 2000, wamo kati ya wanaohusika. Orodha za namna hii zinajazwa na vijana wenye diploma kama sisi. Ukiitwa kuandika, mama akiwa mbele yako, andika jina lake yeye, si la chifu wala la mwenye kumsindikiza. Andika aliyempoteza, mashahidi wake, kiasi alichopokea na tarehe. Halafu umuachie kopi.