Dawa ya Moto ni Moto: Chanjo ya Ndigana Kali na Hatima ya Mfugaji

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Aghalabu methali hii hutajwa watu wanapozungumzia ugomvi na kisasi, lakini katika taaluma ya tiba ya mifugo maana yake hupatikana waziwazi. Chanjo inayotumika dhidi ya mojawapo ya magonjwa hatari zaidi ya ng'ombe katika Afrika Mashariki ni ugonjwa wenyewe. Ng'ombe hudungwa vimelea hai, vyenye uwezo kamili wa kumuua, na papo hapo akadungwa dawa ya kuvizuia visimuue. Makala haya yananuia kueleza jinsi chanjo hiyo inavyofanya kazi, kwa nini haijawafikia wafugaji wengi, na jinsi utafiti wa miaka ya karibuni unavyojaribu kuliziba pengo hilo.

Ugonjwa na Jina Lake

Ugonjwa unaozungumziwa ni ndigana kali, ambao Wamaasai huuita oltikana. Wafugaji wengi nchini Kenya huutaja kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, ECF, yaani homa ya pwani ya mashariki. Jina hilo lina kisa chake. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huu ulizuka kusini mwa Afrika baada ya ng'ombe kupelekwa huko kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kufidia mifugo walioangamizwa na sotoka na Vita vya Makaburu. Waliofikwa na maafa waliupa ugonjwa jina la mahali ulikotoka.

Msababishi wa ndigana kali ni kimelea kiitwacho Theileria parva, na mwenezaji wake ni kupe wa kahawia anayependa kujibanza masikioni mwa ng'ombe. Kupe huyu hupitia hatua tatu za ukuaji, na katika kila hatua hunyonya damu ya mnyama mmoja, akaanguka, kisha akatafuta mwingine baada ya kujibadilisha umbo. Vimelea anavyovipata akiwa mchanga huvihamisha kwa mnyama anayefuata. Hata hivyo, havimwingii ng'ombe pindi kupe anapouma. Kwanza hukomaa katika tezi za mate za kupe kwa muda wa siku tatu au nne hivi. Ndiyo maana mfugaji anayemwogesha ng'ombe wake mara kwa mara hufaulu kumkinga.

Vimelea vikishaingia mwilini, hushambulia chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Badala ya kuziua, huzigeuza tabia zikaanza kuzaana ovyo mithili ya saratani, navyo vimelea vikazaana pamoja nazo. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, na mnyama huacha kula. Hatimaye mapafu hujaa majimaji, na ng'ombe asiyetibiwa mapema hufa akitokwa na povu puani. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Wanaoathirika zaidi ni ndama pamoja na ng'ombe wa gredi, ambao ndio tegemeo la maziwa la wafugaji wadogo. Dawa ya kutibu ipo, nayo ni buparvakwoni, lakini ni ghali, na isipotolewa mapema haifui dafu.

Ugunduzi wa Muguga

Ilikuwa imejulikana tangu zamani kuwa ng'ombe anayepona ndigana kali hupata kinga ya muda mrefu. Swali lilikuwa jinsi ya kumpa mnyama ugonjwa bila kumpoteza. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1970 huko Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa tiba ya mifugo kilichokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Watafiti waligundua kuwa ng'ombe akidungwa vimelea na wakati uo huo akadungwa oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, ukuaji wa vimelea hupunguzwa kasi. Mwili hupata nafasi ya kuzalisha chembe za kinga zinazowinda na kuua chembechembe zilizoambukizwa. Mnyama huugua kidogo, au asionekane kuugua kabisa, kisha akabaki na kinga ambayo yaweza kudumu maisha yake yote.

Kwa kuwa vimelea vina aina nyingi, watafiti hao walichanganya aina tatu, na mchanganyiko huo ukaitwa kwa jina la Muguga. Kaskazini mwa Tanzania, wafugaji Wamaasai waliipokea chanjo hii kwa moyo mkunjufu. Ndama waliochanjwa walitiwa hereni masikioni, na sokoni wanunuzi wakawa tayari kutoa bei ya juu zaidi kwa mnyama mwenye alama hiyo.

Vikwazo

Ikiwa chanjo ni nzuri kiasi hicho, mbona ng'ombe wangali wanakufa? Sababu ya kwanza ni namna inavyotengenezwa. Kupe hulishwa kwa ng'ombe aliyeambukizwa, kisha hulishwa kwa sungura ili vimelea vikomae, halafu husagwa ili kupata vimelea hivyo. Kutengeneza kundi moja la chanjo huchukua zaidi ya mwaka. Mwaka wa 2008, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo jijini Nairobi, ILRI, ilitengeneza kundi la dozi takriban milioni moja, na baadaye kazi hiyo ikahamishiwa katika kituo maalumu kilichoko Lilongwe, Malawi.

Sababu ya pili ni hifadhi. Vimelea hivi ni hai, na huhifadhiwa ndani ya nitrojeni iliyogeuzwa kuwa kiowevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja kwa kawaida huwa na dozi zipatazo 40, na ukishayeyushwa sharti utumike katika muda wa saa chache. Kwa mwenye ng'ombe mia, hilo si tatizo. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, ambaye maziwa yake ndiyo karo ya watoto, chanjo haiji mpaka majirani wakusanyike.

Fauka ya hayo, mnyama aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea mwilini na kupe wakaviokota. Chanjo pia haizuii kikamilifu vimelea vinavyotokana na nyati, hivyo basi ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori wangali hatarini. Vilevile, haikingi dhidi ya ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo kuogesha mifugo hakuwezi kuachwa.

Utafiti wa Hivi Karibuni

Juhudi za kutafuta njia nyepesi zinaendelea. Mojawapo inahusu protini iitwayo p67, iliyo juu ya kimelea anapokitoa kupe. Lengo ni kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili zitakazokizuia kimelea kabla hakijaingia katika chembe. Majaribio ya malishoni nchini Kenya yalionyesha kuwa chanjo ya namna hii hupunguza visa vikali kwa takriban nusu. Hicho ni kiwango cha kutia moyo, ingawa hakitoshi kuchukua nafasi ya chanjo ya Muguga. Mwaka wa 2005, ramani ya jenomu ya Theileria parva ilichapishwa, na watafiti wakapata uwanja mpana wa kutafuta protini nyingine za kulengwa.

Njia nyingine inamtazama ng'ombe mwenyewe. Mwaka wa 2022, watafiti wa Kenya na Uingereza walichapisha matokeo kuhusu ukoo wa ng'ombe wa Boran ambao baadhi yao hustahimili ndigana kali. Walibainisha sehemu ya jeni inayohusiana na ustahimilivu huo, na wanyama walioirithi kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupona. Kumbe katika zizi la kienyeji mlikuwa na hazina ambayo yaweza kuwafaa ng'ombe wa maziwa kwa njia ya uzalishaji teule.

Hitimisho

Imebainika kuwa maarifa ya kuizuia ndigana kali yamekuwepo kwa takriban nusu karne. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa bei na kwa kipimo kinachomfaa mfugaji mdogo. Chanjo isiyohitaji nitrojeni, au ndama aliyezaliwa na ustahimilivu wake, haitakuwa na thamani kwa sababu tu ni mpya. Thamani yake itapimwa katika boma la mwenye ng'ombe mmoja. Hadi siku hiyo ifike, moto utaendelea kuzimwa kwa moto, na majirani wataendelea kukusanya ng'ombe wao ili mrija mmoja uwatoshe wote.