Msomi Hupimwa kwa Mizani Gani?

Mkulima wa Kagera akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, gunia huwekwa juu ya mizani na uzito ukasomwa mbele yake. Mvuvi naye, samaki wake hupimwa kwa kilo pale mwaloni. Je, mchumi ambaye kazi yake ni kuchunguza historia na maendeleo, mavuno yake hupimwa kwa mizani gani? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili.

Usidhani kuwa swali hili ni la wasomi peke yao. Vyuo vikuu vingi duniani hutazama hesabu za namna hii vinapopandisha watu vyeo, na wafadhili huzitazama wanapogawa fedha za utafiti. Kwa hiyo mizani hiyo ndiyo inayoamua ni maswali gani yatachunguzwa na yapi yataachwa.

Mizani inayotumika sana ni kunukuliwa. Msomi akiandika, na mwenzake akaitaja kazi hiyo katika andiko lake, hiyo huhesabiwa moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha orodha kubwa ya hesabu hizo katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kinachounganisha wingi wa maandiko na wingi wa kunukuliwa. Mwenye maandiko 10, kila moja likiwa limenukuliwa angalau mara 10, hupata alama 10. Mwenye kitabu kimoja tu, hata kikinukuliwa mara 1,000, hupata alama 1.

Sasa tumweke juu ya mizani hiyo Profesa Justinian Rweyemamu, mwana wa Bukoba. Alizaliwa mwaka 1942, akasoma hadi Harvard, akafundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa msaidizi wa Rais Nyerere katika mambo ya uchumi. Mwaka 1973 kitabu chake, Underdevelopment and Industrialization in Tanzania, kilichapwa Nairobi. Humo alirudi hadi enzi za ukoloni kueleza hali ya viwanda vyetu. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba uchumi uliojengwa kuwahudumia wageni ulizaa viwanda vinavyotegemea mitambo ya nje, visivyoshikana na kilimo wala vyenyewe kwa vyenyewe. Alifariki mwaka 1982, kabla ya kutimiza miaka 40.

Utaona mara moja kasoro ya mizani. Kipimo cha Hirsch humpendelea aliyeishi muda mrefu na kuandika mara nyingi. Tena, sehemu kubwa ya mijadala ya Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa katika karatasi za semina, ambazo mashine za leo hazizioni. Jambo jingine ni jina: wasomi zaidi ya mmoja wenye jina la Rweyemamu waliandika juu ya Tanzania wakati ule, na mashine inaweza kumpa mmoja haki ya mwingine.

Liko swali gumu zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga kujenga viwanda vya msingi, vya kutumia mali ya nchi kwa mahitaji ya nchi. Mpango huo ulifanana na hoja za Rweyemamu na wenzake. Kisha vita vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vikaudhoofisha. Je, hapo msomi apewe alama au anyang'anywe? Hakuna hesabu ya kunukuliwa inayoweza kulijibu swali hilo.

Tutazame sasa upande wa pili. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizitembelea kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, kujua vifo vya watu wazima, wakati ule wa ukimwi, viliziathiri vipi. Mwaka 2004 na 2010 watafiti waliwatafuta watu wale wale, hata waliohamia mbali. Mwaka 2011 wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakachapisha matokeo: kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya waliohama, kuliko waliobaki.

Utafiti huo umesomwa sana na wachumi duniani. Kwa mizani ya kunukuliwa, Kagera imevuna vizuri. Lakini mama aliyejibu maswali kwa saa nzima, akitaja waliokufa nyumbani mwake, hayumo katika hesabu hiyo. Mizani haiulizi kama alirudishiwa jibu kwa lugha anayoielewa.

Sisemi mizani itupwe. Bila kipimo chochote, vyeo vitagawiwa kwa undugu na kwa kujuana, na huo ni ugonjwa mbaya zaidi. Nasema iongezewe mawe mengine. Tuulize: ni uamuzi gani wa wilaya, wa chama cha ushirika au wa wizara uliobadilika kwa sababu ya kazi hii? Ni walimu wangapi wanaifundisha? Je, muhtasari wake kwa Kiswahili umefika Muleba, hadi Kimwani, kwa watu waliotoa habari zenyewe?

Chuo kikiyauliza hayo siku ya kupandisha cheo, kijana msomi atajua kwamba kuwarudia wanakijiji ni sehemu ya kazi yake. Kisipoyauliza, ataandikia majarida ya mbali tu, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Mtu huvuna kile ambacho mnunuzi anakubali kukipima.