Wakili au Kishoka? Fahamu Vyombo Vinavyosimamia Taaluma ya Uwakili

Katika Kata ya Nyarugusu, Wilaya ya Geita, uchimbaji wa dhahabu ni tegemeo la kaya nyingi. Kabla duara halijaanza kuchimbwa, hufanyika makubaliano kati ya mwenye leseni, mwenye shamba na anayegharamia kazi kuhusu mgawanyo wa kitakachopatikana. Makubaliano hayo yakiandikwa na mtu asiye na sifa, kasoro zake huonekana siku dhahabu inapopatikana, na mchimbaji aliyetumia akiba yake yote anaweza kubaki bila haki anayoweza kuithibitisha.

Ni muhimu, kwa hiyo, mwananchi afahamu nani anasimamia taaluma ya uwakili na wapi apeleke malalamiko yake.

Kwa upande wa Tanzania Bara, chombo cha kitaifa cha wanataaluma hao ni Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1954, ambayo sasa ni Sura ya 307. Sheria hiyo inakipa Chama wajibu wa kuinua viwango vya mwenendo na elimu ya wanasheria, kuisaidia Serikali na Mahakama katika masuala ya kisheria, pamoja na kuulinda na kuusaidia umma katika mambo yanayohusu sheria.

Hata hivyo, Chama hicho hakitoi uwakili wala hakiufuti. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, Jaji Mkuu ndiye anayewapokea mawakili wapya, na majina yao huingizwa katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Wakili aliyesajiliwa hulazimika pia kuhuisha leseni yake ya kufanya kazi kila mwaka.

Nidhamu iko mikononi mwa Kamati ya Mawakili, ambayo wajumbe wake hutoka Mahakama Kuu, upande wa Serikali na miongoni mwa mawakili wenyewe, kwa kupendekezwa na Baraza la Chama. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha au kuamuru jina lake liondolewe katika Daftari. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Ifahamike kuwa kushindwa kesi si kosa la kinidhamu; anayepinga hukumu hukata rufaa mahakamani. Malalamiko mbele ya Kamati huhusu mwenendo, kwa mfano wakili kuzuia fedha za mteja, kutelekeza shauri aliloajiriwa kuliendesha au kuwahudumia watu wenye maslahi yanayopingana.

Kwa kishoka, hali ni tofauti. Jina lake haliwezi kufutwa katika Daftari kwa kuwa halikuwahi kuandikwa humo. Sheria ya Mawakili inamzuia mtu asiye na sifa kufanya kazi ya uwakili, na kwa jumla kumwandalia mwingine kwa malipo nyaraka za mali au za mashauri. Anayefanya hivyo anatenda kosa la jinai, na taarifa zake zipelekwe Polisi.

Kinga bora ni kuhakiki kabla ya kulipa. Kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, mwananchi anaweza kuangalia jina la wakili na kama ana leseni hai. Pili, kagua nyaraka: sheria inamtaka aliyeandaa hati kuweka jina na anwani yake juu yake, na mamlaka ya usajili hairuhusiwi kupokea hati isiyo na jina hilo. Tatu, dai stakabadhi ya kila malipo na utunze nakala ya kila ulichosaini. Bila vielelezo hivyo, lalamiko la haki linaweza kukosa nguvu.

Kwa asiyemudu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa huduma waliosajiliwa, wakiwemo wasaidizi wa kisheria wanaotoa elimu na ushauri bila malipo. Msaidizi wa kisheria si wakili, lakini anaweza kumwelekeza mwananchi kwa wakili anayestahili.

Wananchi wa Nyarugusu na maeneo mengine ya uchimbaji wanahimizwa kufanya uhakiki huo mapema, kabla ya kuweka saini au dole gumba kwenye mkataba wowote.