Aliyegongwa bila kosa asitwishwe gharama ya betri

Yapo mazoea humu nchini ya kudhani kwamba dereva akigongwa na mwenzake, na kila aliyeshuhudia akakiri kuwa hakuwa na kosa, basi mambo yake yamenyooka. Mkosaji ana bima, bima italipa, gari litatengenezwa na maisha yataendelea. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Asiye na kosa ndiye mara nyingi anayezunguka ofisi moja baada ya nyingine akiwa na bahasha kwapani, ilhali aliyemgonga amekwisha kurejea kazini.

Tatizo hili ni la miaka mingi, lakini sasa limepata sura mpya kwa sababu ya magari yanayotumia umeme. Mwaka 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari hayo kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Mwaka 2022 mabasi ya umeme yakaanza kubeba abiria jijini Nairobi. Leo wapo walimu ninaowafahamu ambao wamechukua mikopo katika vyama vyao vya ushirika wakanunua magari ya umeme yaliyokwisha kutumika Japani, wakitumaini kuagana na foleni na bei za petroli.

Hoja yangu ni moja. Katika ajali ya gari la umeme, kutokuwa na kosa hakutoshi. Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika gari hilo ni betri, nayo haionekani kwa macho. Kisichoonekana hakilipwi pasipo ushahidi.

Tuanze na sheria. Sheria ya bima ya magari inayohusu hatari kwa watu wengine, yaani Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima. Wengi wetu hatutambui kuwa ulazima huo unahusu kifo na majeraha ya mwili. Uharibifu wa mali haumo katika yale ambayo sheria hiyo inayalazimisha. Kampuni za bima huweza kuongeza mali katika mkataba, lakini kwa kikomo kilichoandikwa humo. Kwa hivyo cheti cha bima cha lori lililokugonga si hakikisho kwamba gari lako litalipiwa lote.

Mwenye gari aliyegongwa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiendea kampuni yake mwenyewe, ikiwa alikata bima kamili. Kampuni hiyo itatengeneza gari, kisha itamfuata mkosaji kwa jina la mteja wake ili irudishiwe fedha zake. Hasara ya njia hii ni kwamba mteja hutakiwa kujilipia kiasi fulani kwanza, kile ambacho watu wa bima hukiita ekses. Ana haki ya kumdai mkosaji kiasi hicho pamoja na nauli alizolipa gari likiwa gereji, lakini yampasa akumbuke kudai.

Njia ya pili ni kumdai mkosaji moja kwa moja. Hii ndiyo njia pekee ya yule ambaye bima yake ni ya watu wengine tu. Hapa wanaoshtakiwa ni dereva na mwenye gari, na jina la mwenye gari hupatikana katika rekodi za NTSA. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mtu aweza kujitetea bila wakili na ambako sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Anayechelewa ajue kwamba dai la madhara ya namna hii hufa baada ya miaka 3.

Vilevile si kila kampuni ya bima ni mwamba wa kuegemea. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria, na mwaka 2011 Blue Shield ikafuata. Waliokuwa wakidai fidia walijikuta wakisubiri mlangoni pasipo na mwenyeji. Ndiyo maana namshauri anayenunua gari kwa mkopo asitegemee bima ya watu wasiomjua.

Katika njia zote mbili, mahakama zetu zina kanuni isiyolegea: hasara ya fedha lazima itajwe bayana na kuthibitishwa barabara. Bampa lililopondeka hujishuhudia lenyewe. Je, betri iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma chini ya viti itashuhudiwa na nani?

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwaka jana nilikuwa nimesimama katika foleni mjini Thika, lori la mchanga likanigonga kwa nyuma. Dereva wake alikiri kosa, na polisi wakaandika hivyo. Kampuni yangu ya bima ilimtuma mkadiriaji. Bwana huyo aliinama, akagonga bodi kwa kidole, akapiga picha nne na kuandika: bampa, mlango wa nyuma, taa mbili, rangi. Kuhusu betri hakuandika hata neno moja.

Siku tisa baada ya gari kutoka gereji, taa ya onyo iliwaka na gari likakataa kuondoka. Nilipoirudia kampuni, nilijibiwa kwa barua fupi kwamba betri imechakaa kwa umri na kwamba uchakavu haulipwi na bima. Hoja hiyo ingenimaliza kama si karatasi moja. Miezi miwili kabla ya ajali nilikuwa nimepimiwa betri, na fundi akanipa taarifa inayoonyesha kwamba ilikuwa imebaki na asilimia 84 ya uwezo wake. Nilitafuta mtaalamu mwingine, akaliinua gari na kukuta ukingo wa nyuma wa sanduku la betri umebonyea, unyevu umepenya, na umeme unavuja kuelekea kwenye bodi. Kampuni ililipa, lakini baada ya miezi minne ya barua na safari. Kama isingekuwa taarifa ile, ningekuwa hadi leo nakatwa mshahara kulipia gari lisilotembea.

Basi mwenye gari la umeme na afanye nini? Kwanza, apimiwe betri kila mwaka, hasa kabla ya kukata bima, na aiweke taarifa hiyo pamoja na hati zake nyingine. Katika gari aina ya Nissan Leaf, mathalani, kuna mistari 12 kwenye dashibodi inayoonyesha uwezo uliobaki wa betri. Picha ya mistari hiyo, yenye tarehe, haigharimu chochote. Pili, aiulize kampuni kwa maandishi kama betri na waya wa kuchajia vimo ndani ya bima, na kama betri ikibadilishwa atakatwa kiasi gani kwa sababu amepewa mpya badala ya kuukuu.

Tatu, ajali ikitokea, aripoti kwa polisi bila kuchelewa, kwani Sheria ya Trafiki haiwapi wahusika zaidi ya saa 24. Zile suluhu za kando ya barabara, za kupeana namba ya simu na kuahidiana kesho, hazifai kabisa kwa gari ambalo dosari yake yaweza kujificha kwa wiki nzima. Nne, na hili nalisisitiza, asitie sahihi hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla betri haijapimwa na matokeo kuandikwa. Sahihi hiyo ikishawekwa, kila dosari itakayojitokeza baadaye huwa ni yake.

Kuhusu matengenezo yenyewe, hatari si ya mfuko tu bali pia ya uhai. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Betri ya Nissan Leaf hubeba takriban volti 360, nao ni umeme usiokatika kwa kuzima swichi ya ukutani. Nyaya zake za nguvu kubwa hupakwa rangi ya machungwa ili kumwonya fundi. Kabla ya kuzigusa, fundi hutakiwa kuchomoa kizibo maalumu cha kukata umeme, kungoja dakika kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha kupima akiwa amevaa glavu za mpira zinazohimili volti 1,000. Anayeliendea gari hilo kwa spana na ujasiri tu anacheza na kifo.

Hata kulivuta kuna kanuni zake. Leaf huendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Yakiachwa yazunguke chini wakati wa kuvutwa, mota huzalisha umeme na kujiharibu. Yafaa magurudumu hayo yainuliwe, au gari zima lipakiwe juu ya lori. Likifika gereji lisibanwe katikati ya magari mengine, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyojeruhiwa yaweza kushika moto saa nyingi au hata siku kadhaa baada ya ajali. Halikadhalika, joto la chumba cha kukaushia rangi laweza kuidhuru betri iliyokuwa nzima.

Lipo pia jambo la kuwapa moyo wenye magari na kampuni za bima vilevile. Betri si kitu kimoja kisichogawanyika. Ile ya Leaf za mwanzo, ya kilowati-saa 24, imeundwa kwa moduli 48, na kila moduli ina seli 4. Fundi aliyesomea kazi hii aweza kubadilisha sehemu iliyoharibika na kuiacha iliyo nzima. Asiyesoma atapendekeza betri nzima itupwe, au atanyamaza kama alivyonyamaza yule mkadiriaji. Vyote viwili ni hasara.

Kampuni za bima hujitetea kwamba magari haya bado ni machache na kwamba gharama zake hazijazoeleka. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Hata Uingereza, taasisi ya Thatcham Research ilieleza mwaka 2023 kwamba madai ya bima ya magari ya umeme yaligharimu takriban robo zaidi ya yale ya magari ya petroli na dizeli, na kwamba matengenezo yalichukua muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 14. Lakini uchache wa ujuzi ni deni la anayeuza bima. Aliyepokea ada ya kulinda gari la umeme alikubali kuijua betri yake. Haiwezekani ada itozwe kwa thamani ya gari zima, kisha fidia ikadiriwe kwa thamani ya mabati.

Naiomba Mamlaka ya Kudhibiti Bima itoe agizo kwamba ukadiriaji wowote wa gari la umeme uambatane na taarifa ya kipimo cha betri, na kwamba wakadiriaji wa magari hayo wawe wamefunzwa kazi hiyo. Naviomba vyuo vyetu vya ufundi visiyachukulie mafunzo ya umeme wa nguvu kubwa katika magari kuwa anasa ya siku zijazo. Mwanafunzi anayejifunza leo kupima mkinzano wa umeme katika maabara ya fizikia ndiye kesho atakayeamua kama betri imekufa kwa uzee au kwa kugongwa. Na nyinyi walimu wenzangu mnaotia sahihi fomu za mikopo, kapimisheni betri kabla ya kupokea funguo, kisha mwitunze karatasi hiyo kama mnavyotunza hati ya shamba.