Ngozi ya Magome ya Miwati: Mkanda Usiochubua Punda

Ukisimama asubuhi karibu na kituo cha maji Limuru, utaona punda wengi wakivuta mikokoteni. Baadhi yao hufungwa kifuani kwa kamba ya nailoni au ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Vifaa hivi ni vya bei nafuu, lakini kamba nyembamba hukata ngozi ya mnyama, nao mpira haunyonyi jasho. Kidonda kikishatokea, punda hana budi kupumzishwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama ambaye jeraha limemfanya asifae kwa kazi. Kwa familia inayotegemea mkokoteni, hizo ni siku bila mapato.

Matandiko ya ngozi ni njia mojawapo ya kuepuka hasara hiyo, mradi iwe ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Malighafi yake tunayo. Miwati, ambayo wakazi wengi wa Kiambu huiita muthanduku, asili yake ni Australia, nayo ilifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Gome lake lina tanini nyingi, na Thika na Eldoret ziliwahi kuwa na viwanda vya kukamua tanini hiyo.

Kazi huanza machinjioni. Ngozi ya ng'ombe inapaswa kuchunwa bila kutobolewa kwa kisu, kisha ipakwe chumvi mapema kabla haijaanza kuoza. Kiwandani huoshwa na kulowekwa kwenye maji ya chokaa kwa siku kadhaa ili manyoya yalegee, halafu mabaki ya nyama hukwanguliwa na chokaa kuondolewa.

Kinachofuata kinahitaji subira. Magome yaliyopondwa hulowekwa majini, na ngozi hutumbukizwa kwanza kwenye maji hafifu, kisha kwenye makali zaidi. Ukianza na makali, uso wa ngozi hujifunga na katikati hubaki mbichi. Tanini huingia polepole na kushikamana na nyuzi za ngozi, zisioze tena. Kwa ngozi nene ya matandiko, kazi hii huchukua wiki nyingi, hata miezi. Na isifanyiwe kwenye pipa la chuma lisilopakwa rangi: tanini ikikutana na chuma, ngozi hutoka na madoa meusi.

Ngozi nyingi za viatu hutengenezwa kwa kromu, kwa siku chache tu. Ni laini na hustahimili joto, lakini kwa kawaida huvutika zaidi, hivyo haifai sana kwa mkanda wa kuvuta mzigo. Ya magome ni ngumu na hushika umbo. Mikanda hukatwa sehemu ya mgongo, kwa sababu ngozi ya tumbo hurefuka. Kabla haijakauka kabisa, ngozi husuguliwa mafuta na shahamu hadi yaingie ndani. Bila hatua hii hukatika upesi.

Mkanda mpya huwa na rangi ya kahawia hafifu inayoelekea waridi. Jua, jasho na mafuta huugeuza kuwa mwekundu, kisha kahawia iliyokolea. Hapo haujaharibika, kwa kweli unalainika na kufuata umbo la kifua cha mnyama. Katika majuma ya kwanza hurefuka kidogo, kwa hiyo bizimu isogezwe tundu moja. Dalili ya kutilia maanani ni mipasuko midogo unapoukunja: mafuta yamekwisha.

Matunzo yake si ya gharama. Futa jasho na matope kila jioni, kwa maana chumvi ya jasho hukausha ngozi. Ikilowa mvua, ianike kivulini, kamwe si kando ya jiko, kwani ngozi ya magome hunywea na kukakamaa kwa joto. Ikiwa bado na unyevu kidogo, paka shahamu kiasi kidogo sana. Oili chafu ya gari isitumike. Huozesha uzi na kuunguza mwili wa punda. Itundike juu, maana panya nao wanapenda shahamu.

Hata ngozi bora ikikaa vibaya huchubua. Mkanda wa kifuani uwe na upana wa vidole vinne hivi, na usibane koo.

Unaponunua, tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome ni kahawia hadi katikati. Ya kromu ambayo haikupakwa rangi ndani huonyesha samawati au kijivu. Kisha dondosha tone la maji: ngozi ya magome isiyopakwa rangi wala mafuta mengi hulinyonya na kuacha doa jeusi kidogo. Muuzaji akikataa usiiguse kwa maji, jaribu kwa jirani yake.