Blu*3: Madem Watatu Waliotesa Afrika Mashariki, na Swali Moja Linalovunja Kila Kundi

Kama ulikuwa na masikio mwaka 2005, Blu*3 lazima walikupitia. Madem watatu wa Uganda, sauti tatu zimekunjana kama mkeka, densi safi na video za kumetameta. Frisky, Hitaji, Burrn, zote ziligonga. Alafu wakapotea kama kundi, na mtaa ukaachwa na maswali: walikosana? Ni doo? Ni wanaume?

Watu hupenda kusema ni beef, lakini ukifuatilia stori za makundi ya wasichana, toka Detroit mpaka Kampala, utaona tatizo hukaa mahali pengine. Liko kwa swali ambalo hakuna mtu huuliza siku ya kwanza: hili jina ni la nani, na mmoja akitoka anatoka na nini?

Na hii si stori ya wazee tu. Hapa Turkana, msichana anakua akiimba na kucheza edonga na wenzake, kwa hivyo kuimba kwa kundi si kitu cha kufundishwa. Leo simu moja na beat ya kupakua inatosha kurekodi, uwe Lodwar, Kakuma ama huko Nariokotome kando ya ziwa. Kama nyinyi ni watatu na tayari mmeanza kubishana juu ya jina, kaeni hapa kidogo.

Walichaguliwa, hawakuchaguana

Blu*3 walizaliwa 2004 kwa shindano la Coca-Cola Popstars. Jackie Chandiru, Lillian Mbabazi na Cinderella Sanyu, yaani Cindy, walishinda upande wa Uganda. Shindano hilo hilo liliipa Kenya kundi la Sema, ambapo tulimjua Sanaipei Tande, na Tanzania ikapata Wakilisha, ya Langa, Witness na Shaa. Nchi tatu, makundi matatu, kila moja watu watatu.

Angalia vile ilikuwa. Majaji walikuwa wanatafuta sauti, hawakuwa wanatafuta mabeshte. Unaingia ukiwa peke yako, unatoka ukiwa theluthi ya kampuni. Sema na Wakilisha hazikukaa sana. Blu*3, ambayo ilikuwa ya wasichana pekee, ndiyo ilishikilia miaka.

2008 Cindy akatoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda. Bado walitoa moto, kama ile kolabo ya Where You Are na Radio na Weasel. Lakini baada ya muda kila mmoja alishika njia yake.

Detroit ilishaona hii movie

Kundi la wasichana watatu, gauni moja, mmoja mbele na wawili nyuma: hiyo fomu ilipata umaarufu mkubwa na The Supremes wa Marekani. Walianza 1959 wakiitwa The Primettes, mabinti wa nyumba za serikali Detroit. 1961 wakasaini Motown. Florence Ballard ndiye alichagua jina Supremes. Kufikia mwisho wa miaka ya 60 walikuwa na ngoma 12 zilizofika namba moja Marekani.

Lakini jina lilikuwa mali ya Motown. 1967 likageuzwa likawa Diana Ross & the Supremes, na mwaka huo huo Ballard akatolewa, akaingizwa Cindy Birdsong. Ballard alilipwa takriban dola 139,000 na kukubali kwamba hatajitangaza kwa jina la Supremes. Soma hiyo tena pole pole. Aliyechagua jina alikatazwa kulitumia. Alienda kortini 1971, akashindwa. Akafika mahali pa kuishi kwa msaada wa serikali, na Februari 1976 akafariki, miaka 32 tu.

Mwenzake Mary Wilson alitumia miaka mingi akipigania sheria za kuzuia makundi bandia kutumia majina ya wasanii wa zamani. Yeye alielewa: sauti unaondoka nayo, lakini jina linaweza kubaki kwa droo ya mtu.

Waliobaki na sauti zao

Blu*3 hawakuisha kama Ballard, na hiyo ndiyo sehemu tamu. Cindy alijijenga upya na ngoma kama One and Only na Ayokyayokya, akaongoza chama cha wanamuziki wa Uganda, na Septemba 2023 akapanda jukwaa la Kololo kushindana na Sheebah, mkubwa kwa mkubwa. Lillian aliendelea na muziki wake, akapitia uchungu wa kumpoteza Mowzey Radio, baba wa watoto wake, Februari 2018. Jackie alipiga hit ya Gold Digger, kisha akapambana na uraibu wa dawa za maumivu. Ameongea juu ya hiyo safari wazi wazi bila kujificha, na hiyo inahitaji roho kuliko kuimba.

Kwa upande wa Kenya, kumbuka Tattuu, wale wa Teke Teke: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila. Ndambuki ni wakili. Baada ya jukwaa aliongoza PRISK, chama kilichokuwa kikikusanya mirabaha ya waimbaji na waigizaji Kenya, na 2020 akawa mkurugenzi wa IFPI kwa Afrika kusini mwa Sahara. Msichana wa girl group akaenda kukaa kwa meza ambapo pesa za wasanii hugawanywa. Kwangu mimi, hiyo ni legacy kubwa kama hit yoyote.

Sasa nyinyi watatu

Kabla ya video, andikeni karatasi moja. Nani ameandika maneno, nani ametengeneza beat, nani ameimba, kwa sababu haki za mtunzi, za mwimbaji na za mwenye rekodi ni vitu tofauti. Sajilini kazi KECOBO. Jina mkilitaka liwe lenu kisheria, linalindwa kama alama ya biashara pale KIPI, na liandikwe kwa majina ya nyote watatu, si ya meneja wala ya binamu mwenye studio. Muandike pia mmoja akitoka anabeba nini. Hiyo si kuombeana mabaya. Kuzungumza mkiwa mnapendana ni rahisi kuliko mkiwa na wakili kila mtu.

Kisha imbeni. Kundi linaweza kuisha, kama yote. Lakini kila mmoja wenu ajue anachoenda nacho nyumbani.